Pesa za Beti Zirudi Uwanjani, Lakini Zisije na Kamba

Tarehe 10 Septemba 2025 Waingereza walisimamisha mbio zao zote za farasi kwa siku nzima. Hapakuwa na mvua wala msiba. Ratiba za viwanja vya Lingfield, Carlisle, Uttoxeter na Kempton zilihamishiwa siku nyingine, na wenye farasi, wakufunzi na wapanda farasi wakaenda London kuwabana wabunge. Walikuwa wakipinga kodi. Serikali ilikuwa inafikiria kuunganisha kodi za kubeti mtandaoni, ile ya kasino za simu iliyokuwa asilimia 21 na ile ya michezo iliyokuwa asilimia 15, ziwe na kiwango kimoja. Kodi hiyo hulipwa na makampuni ya beti. Waliogoma ni watu wa mchezo.

Mgomo huo haujanitoka akilini tangu siku hiyo. Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, farasi ni wa kwenye picha, na sehemu kubwa ya Uganda ni nchi ya mbung'o, mdudu asiyempa farasi nafasi. Lakini ugomvi wa Waingereza unatuhusu sana, kwa sababu fedha wanazogombania ni zilezile ambazo sisi huziacha zipite mlangoni bila kuuliza zinakwenda wapi.

Kwao mambo yalipangwa zamani. Mwaka 1961 Bunge lao lilitunga sheria ya kuwatoza wachezesha beti tozo maalumu ya kuendeleza mbio za farasi, ikaundwa bodi ya kuikusanya na kuigawa. Leo mchezesha beti hutoa asilimia 10 ya faida ghafi anayoipata kwenye mbio za Uingereza, baada ya kuvuka pauni 500,000 za mwanzo. Makampuni yaliyokimbilia nje na kuendesha biashara mtandaoni yalikwepa kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2017 sheria ilipowafuata huko huko. Tozo hiyo sasa huingiza zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka: zawadi za washindi, madaktari wa mifugo, usalama wa viwanja. Hoja iliyo nyuma yake haina ugumu wowote kuielewa. Unapata riziki kwa jasho la mchezo huu, basi uulishe.

Ireland nao wana mfuko wao tangu mwaka 2001. Serikali hutenga fedha, asilimia 80 zikaenda kwa farasi na 20 kwa mbwa wa mbio. Mwaka 2025 mfuko huo ulipewa yuro milioni 99.1, na kila unapofika bungeni huwasha moto. Wapo wanaouliza kwa nini fedha za umma zifuge wanyama wa matajiri wakati watu hawana nyumba, na wapo wanaojibu kwamba mchezo huo unalisha vijiji vizima. Nawaonea wivu kwa jambo moja: wanabishana wakiwa na tarakimu mkononi. Mbunge wa Dublin anajua ni yuro ngapi zilikwenda wapi, kwa hiyo hata hasira yake ina pa kushika.

Sasa tuje kwetu. Uganda ina Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016. Sheria hiyo iliunda bodi ya taifa ya kusimamia biashara hii, na ikaweka umri wa miaka 25 kuwa mwanzo wa ruhusa ya kubeti. Fikiria hilo kidogo. Kijana wa Uganda anapiga kura akiwa na miaka 18, lakini kwa beti sheria inamwambia asubiri miaka saba zaidi. Waliotunga sheria walijua wanashughulika na kitu gani. Makampuni ya beti hulipa kodi ya asilimia 20 ya kinachobaki baada ya washindi kulipwa, na mwaka 2023 kasino zikapandishwa hadi asilimia 30.

Kodi hiyo huingia Mfuko Mkuu wa Hazina, ule unaotajwa na ibara ya 153 ya Katiba, na ikishaingia humo inakuwa maji ya ziwani. Huwezi kuchota kikombe ukasema haya ndiyo ya mto fulani. Anayesimamia beti yuko chini ya Wizara ya Fedha. Anayesimamia michezo yuko chini ya Wizara ya Elimu na Michezo. Wa kwanza kazi yake ni kukusanya, wa pili kazi yake ni kuomba, na sijawahi kusikia mjadala mzito wa kuwakalisha meza moja.

Tumebishana, ndiyo, lakini tumebishania jambo jingine. Januari 2019 Waziri David Bahati alitangaza kwamba Rais ameagiza leseni mpya za beti zisitolewe, na zilizopo zikiisha muda zisihuishwe. Makanisani watu walishangilia, misikitini wakaitikia. Wenye vibanda wakalia kwamba maelfu watakosa ajira. Miaka imepita, na leseni bado zinatolewa. Tangu hapo mazungumzo yetu yamebaki kwenye maswali mawili: tufunge, au tupandishe kodi? Mara kwa mara tunaonyeshwa mashine zisizo na leseni zikiteketezwa, picha inapendeza magazetini, na kesho yake kijana anabeti kwa simu yake, pesa zikitoka kwenye akaunti ya mtandao wa simu bila yeye kunyanyuka kwenye pikipiki.

Ingia chumba chochote cha beti mjini hapa Jumamosi mchana. Wengi wamekaza macho kwenye ligi ya Uingereza, tiketi mkononi, timu kumi na mbili kwenye karatasi moja. Mechi zikikawia kuanza, wanaangalia mbio za farasi na mbwa kwenye skrini. Farasi wale hawapo. Ni michoro ya kompyuta inayokimbia kila baada ya dakika chache, na mshindi huchaguliwa na programu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwingereza akipoteza pauni yake kwa farasi wa Carlisle, sehemu ya pauni ile inamfikia kijana anayesafisha banda, fundi wa kwato, mkulima wa majani. Kijana wa Arua akipoteza shilingi 5,000 kwa farasi wa kuchorwa, hakuna banda, hakuna kwato, hakuna mkulima. Na akiiweka kwa Arsenal, hata mpira wa mtaani kwake haupati chochote. Shilingi imeondoka West Nile, mkoa wetu, ikaacha karatasi sakafuni.

Wakati huohuo tuna timu. Onduparaka, klabu ya hapa Arua, walipopanda Ligi Kuu mwaka 2016, nchi nzima iliona mji huu unavyopenda mpira: uwanja wao wa Greenlight ulijaa hadi watu wakapanda miti. Baadaye walishuka, na yeyote aliyekuwa karibu na klabu za mikoani anajua kwamba kipaji hakikuwa ndiyo shida. Ni usafiri wa kwenda Kampala na kurudi, ni hoteli, ni mishahara inayochelewa, ni daktari wa timu mwenye begi tupu. Vijana waliokuwa wakiimba majukwaani walikuwa na pesa za kuweka beti kila wikendi. Klabu yao haikuwa na njia halali ya kugusa hata senti ya pesa hizo.

Tazama na mengine. John Akii-Bua alituletea dhahabu kutoka Munich mwaka 1972, akakimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia ya wakati huo. Uwanja wa jina lake kule Lira ulibaki ahadi ya uchaguzi hadi uchaguzi kwa miaka mingi. Wakimbiaji Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai wametoka Sebei, mashariki mwa nchi, wakashinda dunia, huku kituo cha mazoezi cha Teryet, juu ya milima ya kwao, kikisuasua miaka nenda miaka rudi. Michezo ya Uganda huishi kwa zawadi. Wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2025, Rais aliahidi Cranes, timu yetu ya taifa, shilingi bilioni 1.2 kwa kila mechi watakayoshinda. Siwanyimi wachezaji haki yao, walistahili. Lakini zawadi humfuata aliyekwisha kushinda. Haimfikii mtoto wa Koboko anayetafuta viatu ili aanze.

Kwa hiyo mimi nasema fedha za beti zirudi uwanjani. Ila nasema pia zisirudi kwa njia ya Waingereza, na hapa ndipo ninapoachana na rafiki zangu wengi wa michezo wanaotaka tunakili tozo ile neno kwa neno.

Rudi kwenye ule mgomo. Kwa nini watu wa farasi waligoma kwa ajili ya kodi isiyo yao? Kwa sababu kipato chao kimefungwa kwenye faida ya wachezesha beti, na faida ya wachezesha beti ni hasara ya wanaobeti. Watu wakipoteza zaidi, farasi anakula zaidi. Serikali ikitaka kuwapima wateja uwezo wao wa kulipa ili wasijiangamize, mchezo unalalamika. Ikitaka kupandisha kodi, mchezo unaingia barabarani. Mwishowe walifanikiwa: bajeti ya Novemba 2025 ilipandisha kodi ya kasino za mtandaoni hadi asilimia 40 na kuongeza kodi ya beti nyingine za mtandaoni, lakini mbio za farasi zikaachwa kwenye asilimia 15. Kwao huo ni ushindi. Mimi nauona mchezo mkongwe, wenye heshima, uliogeuzwa kuwa mtetezi wa kamari kwa sababu ya tumbo.

Hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Majirani zetu Wakenya, wenye mbio za farasi halisi pale Ngong, Nairobi, walipandisha kodi ya beti hadi asilimia 35, na Januari 2018 kampuni ya beti ya SportPesa ikakata udhamini wake wa michezo nchini. Kodi ikapunguzwa, udhamini ukarudi. Mwaka 2019 serikali ikakataa kuhuisha leseni, Agosti udhamini ukakatwa tena, na Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki Afrika Mashariki nzima, zikabaki zikitafuta nauli. Klabu ikilishwa na kampuni ya beti, siku serikali inapogombana na kampuni hiyo, anayelala njaa ni beki wa kushoto.

Ninachotaka ni kiasi kinachojulikana. Bunge likadirie kodi ya beti, kisha litenge shilingi kadhaa, zenye tarakimu na si asilimia, kwa viwanja vya wilaya, ligi za shule, waamuzi na makocha wa mikoani. Kiasi hicho kiwe kilekile hata kama watu wote wa Uganda wataacha kubeti kesho asubuhi. Ofisa michezo wa wilaya asije akafungua daftari lake akaomba moyoni vijana wapoteze zaidi mwezi ujao. Na majina ya kampuni za beti yasionekane kwenye jezi za watoto, popote. Kama mwenye miaka 24 haruhusiwi kubeti, mwenye miaka 12 hawezi kuwa bango la beti.

Mzee mmoja jirani yangu, mtu wa msikitini, nilipomweleza haya alitikisa kichwa. "Mwanangu, pesa ya haramu haijengi. Mtajenga uwanja juu ya machozi ya watu." Nikamwambia, "Mzee wangu, pesa hii serikali inaichukua tayari. Humo humo Hazina ndimo unamotoka mshahara wa mwalimu wa wajukuu zako." Hakukubali, na sikutegemea akubali kwa siku moja. Lakini neno lake nimelibeba, ndiyo maana nasisitiza kiasi kisichoongezeka kwa hasara ya mtu. Kamari ikipungua, yeye na mimi tutafurahi pamoja, na uwanja utakuwa bado una nyasi.

Wizara ya Fedha itasema haitaki fedha za kutengewa kazi maalumu. Hapo wana historia. Sheria ya Mfuko wa Barabara ya mwaka 2008 iliutarajia mfuko huo upate tozo za watumiaji wa barabara moja kwa moja, lakini kwa miaka mingi ukaendelea kusubiri mgao wa Hazina kama ofisi nyingine yoyote, mashimo barabarani yakiongezeka. Yeyote anayedhani kutunga sheria peke yake kunatosha asafiri na lori la mizigo kipindi cha mvua. Ndiyo sababu sidai mfuko mpya wenye bodi, mkurugenzi na magari. Nadai mstari mmoja kwenye bajeti, wilaya kwa wilaya, ambao mwananchi anaweza kuusoma na kuuliza.

Sheria inalitaka Bunge liwe limepitisha bajeti ifikapo tarehe 31 Mei. Wabunge wa West Nile, wa chama tawala na wa upinzani, waulize Wizara ya Fedha kwenye kikao cha wazi: mwaka uliopita kodi ya beti iliyotoka Arua na wilaya jirani ilikuwa shilingi ngapi, na kati ya fedha za serikali, ni ngapi zilikuja kwa michezo ya vijana wa huku? Majibu yaingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Nami nitayaweka hapa jinsi yalivyo, kwa kila wilaya, ili ofisa michezo, mwalimu na mchezaji wa Onduparaka wayasome siku hiyohiyo.