Aulizwe pia kama ameweza kulala msibani

Hapa Uingereza, mgongo ukikuuma zaidi ya miezi 3, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hukupa karatasi ya maswali ujaze. Mimi nilipewa ile ya Oswestry, inayotumika tangu 1980. Ina vipengele 10: maumivu, kujihudumia, kunyanyua vitu, kutembea, kukaa, kusimama, kulala, tendo la ndoa, kujumuika na watu, kusafiri. Kila kimoja kina alama 0 hadi 5, jumla inageuzwa asilimia. Baada ya mazoezi unajaza tena, ijulikane kama kuna nafuu.

Naunga mkono kabisa. Picha ya eksirei yaweza kuonyesha mifupa iliyochakaa kwa mtu asiyeumwa popote, na isionyeshe kitu kwa anayeshindwa kujigeuza kitandani. Nilipokuwa Mwanza na mgongo huu huu niliulizwa panauma wapi, nikachomwa sindano, basi. Usiku ninalalaje, hakuna aliyetaka kujua.

Lakini karatasi hizi hazimjui mama yangu mdogo. Nyingine ya mgongo, ya Roland na Morris ya 1983, ina sentensi 24, na mojawapo ni shida ya kuvaa soksi. Mama mdogo anaanika dagaa huko Igombe. Anainama kuanzia kiunoni, magoti hayakunjwi, anawatandaza kwa kiganja; akimaliza anarudi mwanzo kuwageuza, jicho liko kwenye wingu la ziwani. Kisha maji ya ndoo, kisha choo cha kuchuchumaa. Soksi anavaa lini?

Na kinachomuuma kuliko vyote ni kwamba hawezi tena kulala msibani. Kwa mwanamke wa rika lake hilo ni pigo kubwa kuliko kushindwa kutembea maili nzima.

Wala sisemi huku ni peponi. Mgongo wangu ulipokaza, hakuna jirani aliyebisha hodi. Mama mdogo watoto wa jirani humchotea maji bila kuombwa, na hilo pia karatasi haiulizi, ingawa ndilo linalomfanya aendelee kuishi vizuri.

Dodoso la SF-36, lenye maswali 36 kuhusu afya kwa jumla, lilishatafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Tanzania miaka ya 1990, kwa hiyo kuwa na karatasi inayotufaa inawezekana. Tunachohitaji ni maswali yatokane na siku ya mgonjwa wa kanda ya ziwa: unainama kwa muda gani kabla hujalazimika kunyooka? Unachuchumaa? Nani anakubebea ndoo? Na akirudi kliniki, aulizwe yale yale tena.