Babu Yuko Foleni

Juni 19, 2025 nchi nzima ilishangilia daraja la Kigongo–Busisi. Kilomita tatu za lami juu ya Ziwa Victoria, Rais Samia amekuja mwenyewe kuzindua, watu wanapiga picha na maji kama hawajawahi kuyaona. Mimi nilikuwa kijiweni Mabatini, hapa Mwanza, nimekaa ndani ya bajaji yangu, nimeinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Na kweli nilifiwa. Feri ilikuwa mtetezi wangu.

Mama yangu yuko kijijini, Sengerema. Zamani akipiga simu kusema anakuja Mwanza, namwambia, "Mama, feri leo foleni yake imefika mbali, utashinda juani." Kuvuka ni kama nusu saa, lakini kusubiri zamu ilikuwa kudra za Mungu. Basi anaahirisha. Sasa anapanda gari asubuhi, anavuka ziwa kabla hajamaliza kumenya karanga, na saa nne yuko mlangoni kwangu na kuku wawili na swali lake lile lile:

"Baba Kulwa, Shija yuko wapi?"

Kwa wasiojua mambo ya Kisukuma, ngoja nieleze, maana hapa ndipo balaa langu lilipolala. Mtoto unampa jina la babu au bibi, mzee aliyetangulia asipotee. Mzuri sana utaratibu huu. Ila wakizaliwa mapacha, utaratibu unapigwa breki: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, hakuna mjadala. Na atakayezaliwa baada yao ni Shija, naye hana mjadala.

Mke wangu alijifungua mara moja. Mapacha.

Kwa hiyo mimi nina watoto wawili na sijampa jina mzee hata mmoja. Babu Lushinge, baba yake baba yangu, mwenye ng'ombe wale mnaowasikia, bado yuko foleni. Na kwa hesabu za mama, hata nikimleta wa tatu, ni Shija, babu anaendelea kusubiri. Ni mpaka wa nne! Hivi kuna ofisi yoyote nchi hii yenye foleni ya namna hiyo? (Ipo moja niliwahi kupanga mstari nikitafuta karatasi, lakini tuyaache.)

Sasa njooni mwone ninapoishi. Chumba na sebule, mlimani Mabatini, katikati ya mawe. Mwenye nyumba ni mama mmoja mstaarabu, ila siku ya kwanza aliuliza, "Mna watoto wangapi?" Nikasema wawili. Akasema, "Waishie hapo hapo, choo ni kimoja." Maji nanunua kwa ndoo. Nikisimama mlangoni naliona ziwa lote lile, la pili kwa ukubwa duniani kwa maji baridi, linametameta linanicheka, na mimi nadaiwa ndoo sita.

Bajaji yenyewe ni ya mkataba. Kila siku hesabu ya tajiri 15,000, inyeshe isinyeshe, ndipo nifikirie mafuta, halafu unga. Shule wanasema bure na kweli ada hakuna, lakini sare ni mbili mbili, daftari mbili mbili, michango mbili mbili. Mwenye mapacha hana bei ya rejareja. Na siti ya abiria kwenye bajaji ni ya watu watatu: Mama Kulwa, Kulwa, Doto. Imejaa. Shija akija nimweke wapi, juu ya tangi?

Mama hasikii hoja ya siti. Yeye hoja yake ameitoa mbali. Anakumbuka Septemba 2018, marehemu Rais Magufuli akiwa kule Meatu, aliposema wanaopanga uzazi ni wavivu. Na kwa kuwa daraja analovukia lilianza kujengwa enzi zake, mama anaona kila anapovuka anapitia juu ya ushahidi.

Kuna nesi mmoja huwa nampandisha mlimani asubuhi. Siku moja nikamlilia shida yangu. Akacheka mpaka akashika chuma. Akaniambia, kaka, haupo peke yako. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania kwa wastani alikuwa anazaa watoto zaidi ya sita. Mwaka 2022 wamepima, ni 4.8. Vijijini 5.5, mijini 3.6. Wasichana wanakaa shule muda mrefu, wanaolewa wamechelewa, wanakuja kliniki wenyewe kuomba kijiti au sindano, wengine mume hana habari.

Hapo kwenye mume hana habari nilipunguza mwendo kidogo.

Nikapiga hesabu zangu njiani. Mama amezaa tisa, mimi ninao wawili. Jumla kumi na moja, gawanya kwa mbili: 5.5. Vijijini kabisa! Kumbe nikimhesabu mama pamoja na mimi, nyumba yetu haina kosa, ni mama tu ananibeba.

Nilimpelekea hizo namba jioni. Nikaongeza na za nje ili zikolee, maana kijiweni kuna mfanyabiashara wa dagaa anayekuja toka Kisumu, ana habari za kila kitu. Nikamwambia mama Kenya walikuwa watoto wanane kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970, mwaka 2022 wamefika 3.4. Nikamwambia Korea Kusini mwaka 2023 ilikuwa 0.72, yaani hata mmoja hatimii. Mama alinitazama kwa huruma. Akauliza, "Sasa huko majina ya babu zao wanayaweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikadakia lingine: kwamba watu hatutakwisha, asiogope. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tukawa milioni 61.7. "Hao wengine," akasema, "sikuulizi habari za wengine."

Ndipo nikakumbuka neno la yule nesi. Alisema, mama zenu walikuwa wanazaa na akiba. Mwaka 2004 na 2005 walipopima, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 112 hawakufika miaka mitano. Mwaka 2022 ni 43. Nikamwambia mama hivyo hivyo: wa kwangu wamechanjwa wote, wapo, wazima, sihitaji akiba.

Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga. Akaacha. Akanyoosha vidole tisa, akaanza kuvikunja, kimoja, cha pili, cha tatu. "Hawa wawili surua," akasema. "Huyu alikuwa ameshaanza kuchunga ndama." Akakiangalia kile kidole kilichokunjwa kwa muda, kisha akarudisha mikono kwenye ungo.

Tukakaa kimya. Nikadhani nimeshinda kesi, na nikaona aibu kuishinda hivyo.

"Lakini babu yako," akasema, "bado yuko foleni."

Halafu kuna jambo ambalo wazee hawalifikirii. Mama anadai Shija. Sawa. Mama huyo huyo akija kututembelea analala sebuleni na wajukuu, na kati ya sebule na chumba hakuna mlango, kuna pazia. Pazia lenyewe la maua, jepesi. Na mama yangu usingizi wake ni wa mlinzi: panya akikohoa jirani, anasema "nani huyo?" Wiki mbili nzima nimelala nimenyooka kama sangara kwenye barafu. Shija atoke wapi, aje na basi?

Usiku mmoja nilimnong'oneza mke wangu, kwa upole, kuhusu jambo la mama. Naye akaninong'oneza, kwa upole zaidi: "Kulwa na Doto niliwabeba kwa mkupuo mmoja, kilo tano na ushee, na cherehani napiga. Anayemtaka Shija ambebe mwenyewe."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa maandishi pale karibu na stendi. Nyuma ya bajaji palikuwa na "Mtazoea Tu". Nikamwambia afute. Aandike kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kivuli cha njano: BABU LUSHINGE. Nikairudisha nyumbani, nikamwita mama nje.

Mama hajui sana kusoma, Kulwa ndiye aliyemsomea. Alizunguka bajaji mara mbili. Akagonga bodi kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Akashika kioo, akasema kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika hapa, ni ya familia. Kisha akaniuliza, "Anakula nini?"

"Petroli, mama."

"Mlafi?"

"Sana."

"Ndiye mwenyewe," akasema, akaingia ndani kufunga mizigo.

Tangu hapo nina mtoto wa tatu, na huyu hana adabu. Juzi alizima katikati ya mlima akiwa na abiria wawili na gunia la mkaa. Nikampigia mama kumlalamikia, akaniambia babu hata enzi zake milima hakuipenda, alikuwa mtu wa mbugani, nisimlazimishe. Kijiweni wananiita Baba Babu. Trafiki mmoja alinisimamisha kuuliza Lushinge anagombea nini.

Sasa mama akipiga simu jioni, wajukuu wake anawaulizia mwishoni. Mwanzo ni, "Babu ameshindaje?" Wiki iliyopita nilijibu kwamba plagi imekufa na klachi inalia. Dakika kumi baadaye simu ikapokea 20,000, ya kumtibu babu. Kulwa na Doto wamewahi kuugua malaria kwa pamoja, na tulitumiwa pole.

Nikampigia kushukuru.

"Shikamoo mama, hela nimeipata."

"Marahaba. Umefanya vizuri sana kumpa babu yako nafasi." Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. "Sasa Baba Kulwa, na bibi Minza je? Mumewe ameshapata, yeye anasubiri mpaka lini?"

Nimeanza kuulizia bei ya bodaboda.