Mwanga hauhesabu dawa peke yake

Chupa ya paracetamol ya watoto katika duka la dawa pale River Road, Nairobi, huandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5. Zimo kweli? Njia nyepesi ya kujua ni mwanga. Dawa huzimuliwa, hutiwa kwenye kichupa cha kioo maalumu, na spektrofotometa hupitisha mwanga wa urujuanimno. Paracetamol iliyo majini hufyonza sana mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 243. Ikizidi, mwanga unaotokea upande wa pili hupungua. Dakika chache tu, una jibu.

Wanaoitetea njia hii hawabahatishi. Mshindani wake, kromatografia ya kimiminika, ambayo hutenganisha viambato kabla ya kuvipima, hudai kolamu (mirija ya kutenganishia) zinazochakaa na vimiminika safi vya kuagizwa ng'ambo. Kati ya 2008 na 2009 asetonitraili, kimojawapo cha vimiminika hivyo, iliadimika duniani, na maabara zilizoitegemea zikahangaika. Tena umeme ukipotea katikati ya kazi ya saa kadhaa, unaanza upya, na mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa vidonge, mwanga unatosha: wanga wa kidonge hauingilii sana, na British Pharmacopoeia yenyewe, kitabu cha Waingereza cha viwango vya dawa, kwa miaka mingi imeelekeza vidonge vya paracetamol vipimwe hivyo, kwa nanomita 257 ndani ya alkali.

Dawa ya maji ni kisa kingine. Maji na utamu huvutia vijidudu, hivyo kiwanda huongeza vihifadhi, mara nyingi methylparaben na propylparaben. Navyo hufyonza mwanga, karibu na nanomita 256. Kwenye mchoro wa ufyonzaji, mkunjo wa dawa na wa vihifadhi hupandana, na mashine haijui ni nani aliyemeza mwanga, yenyewe hujumlisha. Chupa iliyopunjwa dawa yaweza kusomeka kamili kwa sababu kihifadhi kimeziba pengo. Na pengo lenyewe ni jembamba: kwa vidonge, kitabu hicho cha Waingereza huruhusu asilimia 95 hadi 105 tu ya kilichoandikwa.

Wapo wanaojibu kwamba hesabu itatenganisha kile mashine ilichochanganya. Pima kwenye mawimbi kadhaa, tatua milinganyo, au chunguza mwinuko wa mkunjo badala ya kimo chake. Hesabu hizo ni nzuri, na mimi huzipenda, ila hutaka ujue kila kilichomo chupani. Hizo paraben mbili ni kama pacha: sehemu inayofyonza mwanga ni ileile, tofauti yao ni mkia tu, kwa hiyo kuzitofautisha kwa mwanga ni kazi ngumu. Kibaya zaidi, paraben ikioza hubaki asidi ambayo ni dhaifu katika kuzuia vijidudu lakini bado hufyonza mwanga jirani na palepale. Mwanga utasema kihifadhi kipo. Kuvu itasema hakipo.

Lakini wanaoiabudu kromatografia nao watulie kidogo. Jicho la mashine hiyo mara nyingi ni mwanga uleule wa urujuanimno. Diethylene glycol, sumu iliyopatikana katika dawa za maji zilizohusishwa na vifo vya makumi ya watoto nchini Gambia mwaka 2022, haina sehemu ya kufyonza mwanga huo, hivyo ingepita mbele ya mashine zote mbili bila kuonekana. Kuinasa kunataka kipimo chake maalumu, kama kromatografia ya gesi. Hofu hiyo ilibisha hodi hapa Kenya Aprili 2024, Bodi ya Famasia na Sumu ilipoagiza shehena moja ya dawa ya kikohozi ya watoto iondolewe baada ya vipimo vya Nigeria.

Nairobi si maskini wa vyombo. Maabara ya Kitaifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa na ile ya MEDS, shirika la makanisa la kusambaza dawa, zote ziliwahi kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo sioni sababu ya kuifukuza spektrofotometa viwandani Industrial Area: ichuje malighafi, ipime vidonge, ikamate ughushi wa wazi mapema. Ila dawa ya maji ya mtoto isiruhusiwe kutoka kwa neno lake pekee. Mfamasia anayenunua kwa jumla aangalie cheti cha uchambuzi, mahali palipoandikwa njia ya kupimia. Akikuta mwanga peke yake, amuulize muuzaji paraben ilitolewaje kwenye hesabu.