Faida Iko Kwenye Fagia

Nilipomaliza stashahada ya usimamizi wa biashara, shangazi yangu aliniita soko la Gikomba, Nairobi, nimsaidie kuuza nguo za watoto huku nikisaka kazi. Nilidhani ni wiki mbili. Nikakaa miezi minane. Nilifika na kalamu, kikokotoo na kiburi, na siku ya tatu tu nikamkataza asiuze.

Kwa asiyejua soko lile: robota la mitumba likifunguliwa, nguo huchambuliwa papo hapo. Zile nzuri, zinazoonekana kama hazijawahi kuvaliwa, huitwa kamera, na wateja huzigombania kabla hazijatundikwa. Zinafuata za kati. Mwisho kabisa ni fagia, zinazorundikwa chini juu ya gunia na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Tuseme robota limenunuliwa Sh18,000 na ndani mna vipande 200. Msomi mimi nikagawanya: Sh90 kwa kila kipande. Nikamwona shangazi akiuza fagia Sh30, nikamwambia kila kipande kinamtia hasara ya Sh60.

"Basi nizivae mimi?" akaniuliza, na mikono yake haikusimama.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba pesa ya robota ilishatoka. Uuze fagia au uitupe mtoni, ile Sh18,000 hairudi kwa sababu umekataa Sh30. Hiyo ndiyo gharama iliyozama, na mtihani wake nilikuwa nimeupita vizuri sana. Ila mtihani haukuwa na rundo la nguo wala mvua inayonyemelea.

Sasa fuata hesabu yenyewe. Kamera 50 kwa Sh200 ni Sh10,000. Za kati 100 kwa Sh100, Sh10,000 nyingine. Fagia 50 kwa Sh30 ni Sh1,500. Jumla Sh21,500, na hiyo inaitwa mauzo. Ukitoa bei ya robota unabaki na Sh3,500, faida ghafi. Halafu toa mkokoteni Sh200, mifuko Sh150, ushuru wa soko Sh50 kwa siku 12, nauli Sh100 kwa siku hizo hizo. Hiyo ni Sh2,150. Faida halisi: Sh1,350.

Tazama ilipojificha. Kamera na za kati zote zikiisha ana Sh20,000, na gharama zake zote ni Sh20,150. Bado ana upungufu wa Sh150. Faida yote, hadi shilingi ya mwisho, imelala kwenye lile gunia chini ambalo mimi nilitaka lisiuzwe.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia. Siku mbili za kwanza kamera zinakwenda kasi, mkoba unavimba, unajiona tajiri. Unanunua nyama, unalipa karo, unamtumia mtu wa kijijini kitu kidogo. Ulichokula si faida. Umekula robota. Nimechoka kusikia kila kongamano la biashara ndogo likihubiri kwamba tatizo ni mtaji. Wapo wanaokosa mtaji, sikatai. Lakini nimeona meza nyingi zikifungwa na watu waliokuwa na mtaji mzuri tu, tatizo likiwa kwamba mauzo na faida kwao vilikuwa kitu kimoja kilichokaa kwenye mfuko mmoja.

Simu imezidisha mchanganyiko huo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilituondolea hofu ya kubeba noti kwenye matatu, na naishukuru. Ila muuzaji anayelipwa kwenye namba yake binafsi hana ukuta kati ya duka na nyumba. Tangu Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa salio linapopungua, ije mwaka 2019 hali imekuwa ya kuchekesha kwa uchungu: jioni mtu anafuliza unga na stima, asubuhi mteja wa kwanza anatuma pesa ya nguo, na deni la unga linakatwa kabla muuzaji hajafungua ujumbe. Mauzo yameingia, pesa haipo. Huko kuingia na kutoka kwa pesa vitabu vinakuita mzunguko wa fedha na kukutengea sura nzima. Ningeliweza, ningeipandisha iwe sura ya kwanza.

Usidhani ni ugonjwa wa wadogo. Nakumatt, kampuni ya Kenya ya maduka makubwa, ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, na wateja hawakuwa shida yake. Ilikuwa ikipewa bidhaa leo na kulipa baadaye, jambo ambalo Waswahili wamelifanya tangu zamani na kuliita mali kauli: chukua mzigo kwa neno lako, uza, rudisha changu. Mali kauli ni mtaji wa bei rahisi kuliko mkopo wa benki, kwa sharti moja, kwamba pesa ya mwenye mzigo usiifanye yako. Duka linalojitanua kwa madeni likishindwa kuwalipa waliolipelekea bidhaa, hao wanaacha kuleta. Tuliziona rafu zikibaki tupu, moja baada ya nyingine. Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe.

Turudi kwa shangazi, maana nisije nikaonekana nimesema kitabu hakina maana. Kuna mahali kitabu kilimshinda. Nilimuuliza kwenye ile hesabu mshahara wake uko wapi. Hakunielewa. Nikagawanya Sh1,350 kwa siku 12, ikatoka Sh112 na senti 50 kwa siku, kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri. Angemwajiri kijana amsimamie meza, angemlipa mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo biashara ilikuwa ikisimama kwa sababu mfanyakazi wake mkuu alikuwa akifanya kazi karibu bure, na wala hakuandikwa popote. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema hiyo ndiyo biashara. Mimi nasema hiyo ndiyo gharama iliyofichwa, na kuificha hakuipunguzi.

Chuoni tulikaririshwa kwamba usimamizi ni kupanga, kuandaa, kuongoza na kudhibiti. Asili yake ni Henri Fayol, Mfaransa aliyesimamia kampuni ya migodi iliyokuwa karibu kufilisika akaiinua, na mwaka 1916 akachapisha kazi tano za meneja. Waliokuja baadaye wakazipunguza zikawa nne. Mtu aliyeyaandika hayo alikuwa na vumbi la makaa ya mawe kwenye koti. Sisi tuliyapokea kama sala. Hakuna mwalimu aliyetuambia tuyapeleke kwenye robota.

Na kwa kuwa nimeanza kulalamika, niongeze moja. Neno ufanisi linanikera. Tunalitumia kwa mtu anayefanya kazi kwa gharama ndogo na muda mfupi, kisha tunalitumia hilo hilo kwa anayefikia lengo alilokusudia. Hayo ni mawili. Jirani yetu pale sokoni alikunja nguo kwa ustadi wa kijeshi, haraka, bila kupoteza mfuko hata mmoja. Alikuwa akiuza makoti mazito mwezi Januari, jua likichoma mabati. Huyo ana ufanisi au hana? Wenye kamusi watusaidie.

Nilipopata kazi niliondoka Gikomba, lakini kabla ya hapo tulikubaliana mambo mawili. Namba ya till, ile ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, kwa ajili ya meza; namba yake ya kawaida kwa ajili ya nyumba. Na kila jioni, mauzo yawe mazuri au mabaya, Sh300 zitumbukizwe kwenye mkebe wa Blue Band: huo ni mshahara wake. Aliniuliza zitatoka wapi faida ikiwa Sh112. Nikamwambia apandishe kamera hadi Sh250 tuone. Wateja walinung'unika siku mbili, wakanunua.

Juzi nilipita kumsalimia nikaukuta mkebe mtupu. Nikaanza kufungua mdomo, akanisukumia daftari. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu: meza imekopa Sh4,200 kwa mwenye meza, itarudisha ijumaa fagia ikiisha.