Mwani wa Zanzibar: kazi ya mwanamke, chombo cha mwanamume

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Mwanzoni wanaume nao walilima. Bei ilipobaki chini wengi wao wakaondoka, hawa wakarudi baharini kuvua, wale wakafuata ajira za hoteli. Leo wakulima walio wengi ni wanawake, na mwani hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba mgawanyo wa zamani wa kazi umevunjika.

Wanaosema hivyo wana hoja nzito. Kabla ya mwani, mwanamke wa pwani ya mashariki alipata fedha kidogo kwa kuokota kombe na kusokota kamba za makumbi. Mwani ulimpa fedha taslimu, na ndizo zilizonunua sare za shule, mabati na vitanda. Tena ni zake: katika sheria ya Kiislamu inayofuatwa na mahakama za kadhi, mali ya mke haichanganyiki na ya mume.

Wanaopinga nao hawatetei mila tupu. Sheria hiyo hiyo inamtaka mume atoe chakula, mavazi na makazi. Mke akianza kuuza mwani, baadhi ya waume hupunguza fedha za matumizi ya nyumbani kimyakimya, kisha huacha kabisa. Hapo mwanamke amebeba wajibu wa mume bila kupunguziwa wake, kwa sababu akitoka baharini maji, kuni na watoto bado vinamsubiri. Hoja hii ni ya kweli, na anayehimiza wanawake kufanya kazi bila kuigusa anawaongezea mzigo.

Na kazi yenyewe ni ngumu. Hufanyika siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali, kwa saa tatu au nne tu. Vigingi hupigwa mchangani kwa safu mbili, kamba hukazwa kati yake, kisha vipande vya mbegu hufungwa kimoja kimoja kwa tai-tai, yaani vikamba vifupi vya kufungia. Baada ya wiki sita huvunwa na kuanikwa siku mbili tatu. Mvua ikinyesha juu yake, ubora huporomoka. Kilo saba au nane mbichi hutoa kilo moja kavu. Kwa hiyo gunia bichi la kilo 70, linalobebwa kwa mgongo ulioinama asubuhi nzima, huleta takriban kilo tisa kavu. Tukichukua kwa mfano bei ya shilingi 600 kwa kilo, hizo ni shilingi 5,400. Kazi iliyoachwa na wanaume kwa sababu hailipi haiwezi kuitwa ukombozi kwa kuwa tu imeachiwa wanawake.

Lakini sikubaliani na wanaohitimisha kuwa mwanamke arudi nyumbani. Angalia mwani unaolipa zaidi, kottonii. Aina hii haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakichemka kwa jua, matawi hupauka, hulainika na kukatika. Spinosamu, aina nyingine ya mwani yenye bei ndogo, hustahimili zaidi, ndiyo maana ndiyo imebaki kwenye mashamba mengi ya Unguja. Kottonii hukua vizuri kwenye kina kirefu, ndani ya vyavu vyembamba vyenye umbo la bomba vinavyoshikiliwa na nanga na maboya. Huko hakufikiki kwa miguu. Panahitajika chombo na mtu anayejua kuogelea, na wasichana wengi wa vijijini hawakufundishwa kuogelea, wakati kaka zao walijifunza wakicheza.

Mpaka wa zamani, basi, haujavunjika, umesogezwa tu hadi pale maji yanapofika kifuani. Na hapo utaratibu ni muhimu. Mafunzo ya kuogelea yatangulie, kwa mwalimu wa kike, mavazi ya stara yasiyovuta maji, na mahali pasipo watazamaji. Wazazi na waume wanaokataa mara nyingi hukataa kwa sababu ya kukosekana kwa hayo. Kisha majaketi ya kuokolea. Halafu boti, iandikishwe kwa jina la kikundi, na sehemu ya kila mauzo itengwe kwa ajili ya mafuta, kalafati na vipuri. Wanawake wawili au watatu wafundishwe unahodha na matengenezo madogo ya mashine. Mume naye aitwe mapema, suala la matumizi lizungumzwe mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, au wazee kabla fedha haijaingia, kwa kuwa baada ya mavuno ya kwanza huwa ugomvi.

Boti ikitangulia hayo yote, kikundi kitalazimika kuajiri nahodha mwanamume, na ujira wake utakatwa kwenye kila gunia.