New Orleans na shule za chata: wanaopinga wanapinga nini hasa?

Mjadala wa shule za chata, yaani shule za umma zinazoendeshwa na mashirika binafsi kwa mkataba, ukipamba moto Marekani, mfano wa New Orleans, jiji la jimbo la Louisiana, haukosi. Wanaozitetea huweka alama za mitihani mezani na kuona wamemaliza kazi. Anayepinga huambiwa analilia uozo wa zamani.

Uozo ulikuwepo, tusidanganyane. Kabla ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, bodi ya shule ya jiji ilikuwa inaelekea kufilisika, na wapelelezi wa FBI walikuwa wamepewa ofisi ndani ya bodi yenyewe. Mwaka 2003 mwanafunzi aliyeongoza darasa lake alikosa kuhitimu kwa sababu alifeli hisabati katika mtihani wa jimbo. Kama huyo ndiye wa kwanza, wa mwisho alikuwaje? Novemba 2005, wakazi wengi wakiwa bado wametawanyika kwa jamaa na kwenye mahoteli, bunge la Louisiana lilipitisha sheria iliyoziweka shule zaidi ya 100 chini ya jimbo. Moja baada ya nyingine zikakabidhiwa mashirika binafsi kwa mkataba: ada hakuna, fedha za umma zipo, ila shirika ndilo linaloajiri, linalofukuza na linalopanga ratiba. Kufikia 2019 jiji halikuwa na shule hata moja inayoendeshwa na bodi moja kwa moja.

Na matokeo yalipatikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane wakiongozwa na Douglas Harris wameonyesha kuwa alama, kuhitimu sekondari na kuingia chuo vyote vilipanda, tena kwa kiwango ambacho mageuzi ya elimu hufikia kwa nadra. Anayebisha hilo anapoteza muda wake. Watafiti haohao, hata hivyo, waligundua kuwa matumizi kwa kila mwanafunzi yalipanda kwa takribani asilimia 13 yakilinganishwa na wilaya za shule zinazofanana na New Orleans, huku gharama za utawala zikipaa na fedha za kufundishia zikipungua. Bodi ya zamani haikupata kujaribiwa ikiwa na mfuko huo.

Ila kwangu mimi takwimu nzito ni nyingine. Baada ya kimbunga, wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule walifutwa kazi kwa mkupuo, na walimu wakiwa zaidi ya 4,000 kati yao. Kabla ya kimbunga asilimia 71 ya walimu wa jiji walikuwa Weusi. Kufikia 2014 walibaki asilimia 49, katika jiji ambalo idadi kubwa ya wanafunzi ni watoto Weusi. Utasikia kwamba hao ndio walioziangusha shule. Nani alipima? Hakuna aliyeingia darasani kutenganisha mwalimu hodari na mzembe. Hata walimu wa Benjamin Franklin, sekondari iliyosifika jimbo zima, walipata barua ileile ya kufutwa kazi. Mama aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka ishirini, nyumba imezama, alipoteza mshahara na bima ya afya wakati alipovihitaji kuliko wakati wowote. Nafasi nyingi zilijazwa na vijana kutoka nje, wengi wakiwa na mafunzo ya wiki chache. Walimu walikwenda mahakamani, wakashinda 2012, wakashinda tena kwenye rufaa, kisha Mahakama Kuu ya Louisiana ikatupa kesi yao Oktoba 2014.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mpinzani wa chata anapinga watoto kufaulu. Anauliza kwa nini kufaulu huko kulidai kuvunja tabaka zima la watu waliokuwa na ajira ya kudumu mitaani mwake, bila kura na bila kikao. Watetezi hujibu kuwa mzazi sasa ana uhuru wa kuchagua shule popote jijini. Ni kweli, na mfumo wa maombi ya pamoja wa 2012, ambapo mzazi anajaza fomu moja kwa shule nyingi, ulipunguza ujanja wa shule kujichagulia watoto. Lakini uhuru huo una watoto wanaosubiri basi alfajiri gizani, wakipita shule iliyo jirani na kwao. Kwa watoto wenye ulemavu haukuwa hata uhuru: 2010 familia zao zilishtaki kwa kunyimwa nafasi na huduma, na ilibidi mambo yasimamiwe na mahakama.

Shule zilirudishwa chini ya bodi iliyochaguliwa mwaka 2018, na wengi wakadhani ugomvi umeisha. Sheria iliyozirudisha, hata hivyo, inataka theluthi mbili ya wajumbe ndipo watengue pendekezo la msimamizi mkuu wa shule za jiji kuhusu kufungua au kufunga shule, na inaizuia bodi kuingilia ajira na ratiba za mashirika. Mzazi ambaye mwanawe amesimamishwa masomo bado anapeleka malalamiko kwa wakurugenzi wa shirika ambao hakuwapigia kura. Mwaka 2024 bodi ilifungua shule yake yenyewe, Leah Chase, na ikalazimika kujifunza upya kuwa mwajiri wa walimu.