Ruhusa Pekee Haiondoi Ukoloni Katika Akiolojia

Wapo watafiti wanaoamini kwamba wakishafika kwa wazee wa jamii ya asili na fomu ya ruhusa mkononi, ukoloni, yaani wageni kujiamulia kila kitu kuhusu mabaki ya kale ya wenyeji, umekwisha. Sikubaliani nao. Kufikia hapo swali la utafiti limeshatungwa, fedha zimeshatoka, hata ghala la kuhifadhia mabaki limeshachaguliwa. Mzee anabaki na kazi ya kutia saini tu.

Ozette ilikwenda vingine. Ni kijiji cha kale cha Wamakah, kabila la wenyeji wa Amerika, pwani ya jimbo la Washington, Marekani, ambako karne kadhaa zilizopita poromoko la tope lilizifukia nyumba pamoja na vilivyokuwamo. Mwaka 1970 dhoruba ilimega ufukwe na vitu vikaanza kuchomoza. Mwenyekiti wa Wamakah, Ed Claplanhoo, ndiye aliyemwita mwanaakiolojia Richard Daugherty. Uchimbaji ulichukua miaka 11 na kufukua makumi ya maelfu ya vitu. Tope lilikuwa limehifadhi hata mbao na vikapu, na wazee wa Kimakah walieleza matumizi ya zana ambazo wasomi walikuwa wakizigeuzageuza tu mikononi. Muhimu zaidi kwangu, vitu hivyo havikuhamishiwa chuo kikuu cha mbali. Viko Neah Bay, kwenye makumbusho ya Wamakah wenyewe, yaliyofunguliwa 1979. Mtoto wa Kimakah anakwenda kuviona kwao.

Katika jimbo hilohilo, mwaka 1996, mifupa ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 8,000 iliyopita ilipatikana Kennewick, kando ya mto Columbia. Makabila ya eneo hilo yalisema huyu ni mhenga wetu, tumzike. Wanasayansi wakaenda mahakamani kudai waichunguze mifupa hiyo, wakashinda 2004. Mwaka 2015 vinasaba vilithibitisha undugu wake na wenyeji wa Amerika, na watu wa Colville, mojawapo ya makabila hayo yaliyomdai, walikuwa wametoa sampuli zao ili ulinganisho huo uwezekane. Alizikwa 2017, baada ya miaka zaidi ya 20. Kwa hiyo anayedai kwamba kuwasikiliza wenyeji kunaiua sayansi atueleze ni nani hapo aliyeisaidia.

Kanuni mpya za Marekani za 2024 zinayataka makumbusho yapate ridhaa ya makabila kabla ya kuonyesha au kuchunguza mabaki ya wahenga wao. Nazipongeza, ila zinahusu zaidi yaliyokwisha kuhifadhiwa. Wafadhili nao waanze kuuliza, kabla ya kutoa hata senti moja: swali hili mlilitunga na nani, na matokeo yatakaa wapi? Mradi usio na jibu urudishwe.